Sato wa mwembeni, Kirumba: utamu ni uleule, samaki ndiye kapungua

Hakuna bango. Ukiteremka Kirumba, hapa Mwanza, kuelekea soko la samaki la Mwaloni, uliza "kwa mama wa mwembeni" na hata mtoto anayeuza mifuko atakupeleka. Benchi nne, meza mbili zenye plastiki ya maua, ndoo ya maji yenye koki, na kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa ndani ya soksi kisiibiwe. Mimi ni fundi wa mashine za boti, kibanda changu hakiko mbali na hapo, na nimekula mchana chini ya mwembe huo tangu Agosti 2019, siku sita kwa wiki ukitoa misiba na safari za visiwani. Kila shilingi niliyolipa nimeiandika kwenye daftari. Mke wangu ndiye aliyenilazimisha, maana hakuwa anaamini kwamba mtu anaweza kumaliza hela yote kwenye ugali. Kwa hiyo hii si tathmini ya mtu aliyepita siku moja, akapiga picha ya samaki, akaondoka.

Samaki kwanza. Sato wake hununuliwa alfajiri, si wa barafu ya juzi. Anapoparwa magamba jicho bado linang'aa. Mama humchanja mara tatu kila ubavu, anampaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, anamwacha kidogo, ndipo anamzamisha kwenye karai mpaka mapezi yanakuwa ya kutafuna. Ukitaka mkavu unaletewa na kachumbari. Ukitaka wa rosti, anarudishwa kwenye nyanya na hoho kwa dakika chache tu, ngozi isilegee. Ugali ni wa dona, na kwa wateja wa Ukerewe husonga pembeni ule wa muhogo, unaovutika. Matembele huungwa kwa karanga. Dagaa wake hawana mchanga, na mtu yeyote aliyewahi kung'ata dagaa walioanikwa chini ufukweni anajua hilo si jambo dogo. Wa kwake ni wa chanja. Pilipili anatwanga mwenyewe. Ionje kwa ncha ya kidole kwanza.

Chapati usihangaike nazo. Zinafaa kuzibia mtumbwi unaovuja.

Sasa bei, na hapa ndipo nitakaa, kwa sababu ndiyo inayoleta kelele pale mezani kila siku. Agosti 2019 sahani ya ugali na sato ilikuwa 3,000. Leo ni 4,000. Mtu akisikia hivyo anasema si mbaya, miaka yote hiyo. Lakini daftari langu lina kitu kingine. Siku moja ya mwaka ule nilikwenda kula na spana ya 17 mkononi, nimetoka kufungua mashine, nikailaza kando ya sahani. Samaki aliipita kwa vidole vinne, mkia unaning'inia nje ya ukingo. Nikaandika, kwa utani tu: "sato = spana + vidole 4." Nimekuwa nikipima kila baada ya miezi michache tangu hapo. Sasa hivi samaki anaishia kabla ya spana, amelala ndani ya ua lililochorwa katikati ya sahani, na spana inamzidi kidole kimoja. Ukihesabu kwa sentimita, bei imekaribia kuwa maradufu, na samaki mfupi ni mwembamba pia.

Huo ndio ujanja wa kwanza wa mfumuko wa bei ambao redio haitakuambia: bei inaweza kupanda bila namba kubadilika. Mama alikaa kwenye 3,000 tangu nianze kula pale mpaka katikati ya 2022. Kwanza ikaondoka nyongeza ya matembele. Halafu ndizi mbivu ya bure ikawa ya Jumamosi tu, halafu ikawa hadithi. Halafu samaki akaanza kufupika. Julai 2022 ndipo akasema, bila kunitazama usoni, "Fundi, kuanzia leo ni mia tano zaidi."

Kwa nini mia tano na si mia moja? Nilimuuliza. Akanionyesha kopo la chenji. Sarafu ya 50 hakuna anayeitaka, za 100 na 200 zinaishia kwa makonda wa daladala, na yeye hana muda wa kutafuta chenji watu ishirini wakisimama pamoja. Tangu noti ya 500 ilipogeuzwa sarafu mwaka 2014, kwake hiyo ndiyo hatua ya chini kabisa kwenye bei ya sahani. Kwa hiyo bei ya mwembeni haipandi polepole kama maji ya ziwa. Inakaa, inakaa, halafu inaruka.

Kilichosababisha ule mruko wa 2022 kila mtu anakijua, ila watu wanakisimulia kama vile kilikuwa kitu kimoja. Vilikuwa viwili vilivyofika kwa pamoja. Cha kwanza ni mafuta ya kula. Februari mwaka huo vita vilianza Ukraine, na kule ndiko dunia ilikuwa inapata alizeti nyingi. Mwishoni mwa Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasiuzwe nje, na ingawa walifungua tena mwezi Mei, bei ilikuwa imeshachanganyikiwa. Sisi sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunaagiza. Mama anakaanga kwa kuzamisha, karai zima. Nilikuwepo siku alipotuma kijana dukani kwa hela ya dumu akarudi na nusu dumu. Hapo alifanya kitu ambacho lazima nikiseme kwa kuwa hii ni tathmini: kwa miezi kadhaa alikuwa anarudia mafuta mpaka yanakuwa rangi ya oili chafu ya injini, na samaki wa jioni alikuwa na ladha ya samaki wa asubuhi. Nilimwambia. Alinuna siku mbili. Sasa ameacha.

Cha pili ni petroli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na sisi wa Mwanza tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanashuka bandarini na kusafirishwa mpaka huku. Mwaka ule lita ilivuka 3,000, hata baada ya serikali kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Mashine ya boti haina huruma: unachanganya petroli na oili, na kama samaki wako mbali unaichoma yote kwenda na kurudi, uwe umepata au hujapata. Tajiri wa boti akiongeza dumu moja la petroli kwa usiku, lazima alitoe mahali. Analitoa kwenye sato. Sato anakuja mwembeni na petroli ndani yake.

Wachumi wana jina la hilo, kupanda kwa gharama za uzalishaji. Mama analiita "kunibebesha."

Ila si kila bei inayopanda ni mfumuko, na hapa huwa nabishana sana na mzee mmoja anayeuza nyavu. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawavuliki. Wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikimwagika ziwa zima taa yako haina kazi, wavuvi wanakaa wanashona nyavu na kucheza bao. Siku hizo kisado cha dagaa kinapanda, na mama anawatoa kabisa kwenye orodha au anawapa wachache kama dawa. Giza likirudi, dagaa wanarudi, bei inashuka. Mzee wa nyavu anapiga kelele "mfumuko!" kila mwezi. Huo si mfumuko, mzee wangu, huo ni mwezi. Mfumuko ni pale vitu vingi vinapopanda kwa pamoja na kuendelea kupanda, na asubuhi ya giza haviteremki.

Mfano wa sukari unauma zaidi. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilizuia viwanda kuvuna na kusaga miwa, sukari ikaadimika, kilo ikafika 4,000 na kwingine ikapita. Mama akapandisha kikombe cha chai kutoka 300 hadi 500. Halali yake. Baadaye sukari ya kuagizwa ikaingia, bei ikapoa. Chai? Iko 500 mpaka leo. Nikamuuliza, akanijibu kwa upole kabisa: "Baba, nikiirudisha mia tatu, kesho sukari ikipanda tena utakubali mia tano?" Nikanyamaza, kwa sababu nisingekubali. Anapandisha kwa ajili ya kilichopanda jana na kwa ajili ya kile anachohisi kitapanda kesho. Watu wote wakianza kuhisi hivyo kwa wakati mmoja, bei inapanda hata kama mvua ni nzuri.

Kuna chanzo kingine ambacho sikukielewa mpaka nilipokiona kisiwani. Nilikwenda Goziba msimu mmoja kutengeneza mashine tatu, nikakaa wiki mbili kwa sababu kazi zilinifuata. Wiki ya kwanza uvuvi ulikuwa mbaya, kambi imelala. Wiki ya pili sangara wakakubali, na wanunuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, wakaja na hela mikononi. Boti la bidhaa kutoka Mwanza lilikuwa lilelile, linaleta kreti zilezile za soda na magunia yaleyale ya unga. Soda ikapanda siku ya pili. Kunyoa nywele kukapanda. Godoro nililokuwa nalala, ambalo lilikuwa na kunguni wale wale, likapanda. Hakuna gharama iliyoongezeka kwa mwenye nyumba ile. Kilichoongezeka ni hela mifukoni mwa watu waliokuwa wanagombea vitu vichache. Sangara walipokata, kila kitu kikarudi kimyakimya, isipokuwa kinyozi.

Kambi ya wavuvi ikifanya hivyo ni kichekesho. Nchi ikifanya hivyo si kichekesho. Baba yangu alikuwa karani wa pamba miaka ya 1980, na anasema mshahara ulikuwepo ila duka ndilo halikuwa na kitu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba, mafuta ya dunia yalikuwa yamepanda, viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, na serikali ikawa inakopa benki kuziba mapengo. Hela ikawa nyingi kuliko sabuni. Katikati ya miaka hiyo mfumuko wa bei ulipita asilimia 30 kwa mwaka. Anaponiona nanung'unika juu ya sato wa 4,000 anacheka. "Nyinyi mnalalamika bei. Sisi tulikuwa tunalalamika foleni, na ukifika mbele unaambiwa imeisha."

Ofisi ya Taifa ya Takwimu inasema mfumuko ulikuwa wastani wa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Namba hizo zikisomwa redioni mwembeni, meza nzima huguna. Mimi sigombani na watu wa takwimu, hawadanganyi: wanapima kapu zima la taifa, kodi ya nyumba, nguo, simu, nauli, ada, na chakula ndani yake ni zaidi kidogo ya robo. Lakini fungua mfuko wa mbeba mizigo wa Mwaloni uone chakula ni robo ya nini. Kapu lake ni sahani. Na jambo la pili, ambalo nimechoka kulieleza: mfumuko kushuka kutoka 4.3 hadi 3.1 maana yake si bei kushuka. Ukiwa ziwani ukapunguza moto wa mashine, boti haijarudi nyuma. Bado inakwenda mbele, taratibu. Kurudi nyuma ni gia nyingine, na sijaiona ikiingizwa.

Benki Kuu nayo inajitahidi kwa upande wake. Tangu Januari 2024 inatumia riba kama usukani: ilianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huo ikapandisha hadi 6, ili hela isizagae na shilingi isidhoofike zaidi. Kwa mabenki ya mjini inaeleweka. Mama wa mwembeni, yeye alikopa kwa watu wa kausha damu ili anunue jiko jipya, na huko riba hata Gavana akiisikia atashika kichwa. Marejesho ya kila wiki nayo yako ndani ya sahani yangu, karibu na matembele.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mwaka 2024 nilikuwa nimekaa pale nalalamika kwa sauti, nimepandishiwa hadi 4,000. Mama alikuwa anapuliza moto. Akainuka, akajifuta mikono kwa kanga.

"Fundi, wewe unatoza shilingi ngapi kufungua kabureta siku hizi?"

"Ishirini."

"Mwaka jana?"

"Kumi na tano. Lakini vipuri, mama, dola..."

"Sijakuuliza dola. Huyu tajiri ninayenunua kwake samaki, mashine yake anatengeneza nani?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi ndiye ninayeitengeneza. Na ni kweli nilipandisha. Plagi, pistoni na propela zinatoka nje, na dola iliyokuwa kama 2,300 mwaka 2022 ilikuwa imepita 2,600. Hilo la vipuri naweza kuapa. Lakini ile elfu tano ya ufundi haikuwa ya dola. Niliiongeza kwa sababu chakula kilikuwa kimepanda, nauli ya kwenda Igoma imepanda, na mtoto ameingia sekondari. Niliiongeza kwa sababu ya sahani ya mama. Tajiri akaiweka kwenye samaki, mama akamnunua huyo samaki, akanirudishia mimi na matembele juu yake. Tunazunguka hivyo sisi watatu, na kila mmoja ana mtu wa kumlaumu aliyeko kulia kwake.

Tangu siku hiyo nalalamika kwa sauti ya chini.

Mengine kwa ufupi. Huduma ni ya haraka mpaka saa saba kamili. Baada ya hapo wabeba mizigo wanashuka kwa mkupuo na utasubiri umesimama. Nzi wapo, ni sokoni, usilete habari. Choo hakuna, utatumia cha soko na utalipia. Ukilipa kwa simu unaongeza ya kutolea. Desturi hiyo ilianza zama za tozo za miamala za 2021 na yenyewe haikurudi nyuma. Chenji ikikosekana utapewa pipi, na ukikataa pipi utaandikwa kwenye daftari lake, ambalo ni zuri kuliko langu. Wali samaki ni sawa, ila mchele ulipofika 3,000 kwa kilo mwanzoni mwa 2023 alianza kuchanganya na chenga, na bado anachanganya. Mimi nakula ugali. Mbalamwezi usiulize dagaa.

Kwa kulinganisha, mwezi uliopita mteja mmoja alinipeleka kwenye hoteli yenye viti vinavyotazama ziwa. Jina naliacha. Sato 25,000 na chipsi, akaja baada ya saa moja, ubavu mmoja wa moto na mwingine wa friji. Alikuwa mrefu, nakiri. Aliizidi spana. Ila hakuwa na ladha ya kitu chochote, na mhudumu aliniomba nitoe spana mezani.

Mwembeni nampa mama nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa chapati na kwa yale mafuta ya 2022.

Jana nilimpima tena samaki, mbele ya mama mwenyewe. Kidole kimoja na nusu. Nikamwonyesha. Akaitazama spana, akamtazama samaki, akaendelea kupakua.

"Fundi, samaki wangu hana tatizo. Kesho njoo na ya 13."